Chura Anayezaa: Safari ya Jina la Nectophrynoides

Mwaka 1905, katika makumbusho ya viumbe jijini Berlin, mtaalamu wa wanyama Gustav Tornier alikuwa akichunguza vyura wadogo waliohifadhiwa chupani kutoka koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vyura hao walitoka nyanda za juu za kusini, pande za mlima Rungwe. Ndani ya matumbo ya majike hakukuwa na mayai ya kwenda kutagwa kidimbwini. Kulikuwa na watoto waliojipanga wakisubiri kuzaliwa.

Tornier alikuwa amekutana na jambo ambalo vitabu vya enzi hizo havikuwa na mahali pa kuliweka. Chura, kwa desturi inayojulikana hata na mtoto wa chekechea, hutaga mayai majini, mayai yakaangua viluwiluwi, na viluwiluwi wakaota miguu na kupoteza mkia ndipo watoke nchi kavu. Huyu wa Rungwe alizimalizia hatua zote hizo tumboni. Kiluwiluwi alikuwapo, lakini bwawa lake lilikuwa mwili wa mama. Aliyetoka nje alikuwa chura kamili mwenye miguu minne.

Leo sayansi inazijua spishi zaidi ya 7,000 za vyura duniani, na zile zinazozaa hazifiki hata asilimia 1. Ili azae, ni lazima jike arutubishwe ndani ya mwili, na dume wa chura kwa kawaida hana kiungo cha kufanyia kazi hiyo. Vyura hawa hukumbatiana hadi matundu yao ya uzazi yagusane, na mbegu zikapita. Kiinitete hukua kwa kula kiini cha yai lake mwenyewe, pale pale tumboni. Kwa mnyama anayeishi kwenye miteremko mikali, ambako maji ya mvua hukimbia badala ya kutuama, hiyo ni faida kubwa: hahitaji dimbwi.

Tornier alimwita chura huyo Pseudophryne vivipara. Neno la pili lilisema kweli, kwamba huzaa. La kwanza lilizua tatizo. Pseudophryne ni jenasi ya vyura wa Australia, kwa hiyo jina hilo lilidai kwamba chura wa Rungwe ana ndugu wa damu ng'ambo ya Bahari ya Hindi, bara zima mbali. Si mara pekee Tornier kushika msimamo uliokuja kuanguka. Miaka minne baadaye aliingia katika ubishi mkali akidai kwamba dinosaria mkubwa Diplodocus alitembea kwa miguu iliyotanuka pembeni kama ya mjusi. Alishindwa katika ubishi huo pia. Hata hivyo sifa ya kugundua chura anayezaa ilibaki yake.

Mwaka huo huo wa 1905, vita vya Maji Maji vililipuka katika vilima vya Umatumbi na kusambaa kusini mwa koloni. Wanyama, mimea na mawe viliendelea kusafirishwa Ulaya vita vikiwaka, kwa sababu ukusanyaji wa viumbe ulikwenda sambamba na utawala. Mjerumani alikuwa tayari na taasisi ya utafiti Amani, Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902.

Mwaka 1906 chura wa pili akajitokeza. Jean Roux, mtaalamu wa Uswisi aliyefanya kazi Basel, alieleza spishi mpya kutoka Ukami, nchi iliyo jirani na milima ya Uluguru. Akamwita Nectophryne tornieri kwa heshima ya Tornier. Roux hakufuata njia ya Australia. Alimweka chura wake katika jenasi iliyopewa jina mwaka 1875 kutokana na chura wa Afrika Magharibi, ambayo wakati huo ilijazwa pia vyura wa Asia ya kusini-mashariki. Kwa hiyo kufikia mwaka 1906 vyura wawili walioishi milima ya nchi moja walikuwa wameandikwa katika koo mbili tofauti, mmoja wa Australia na mwingine wa Kamerun na Asia. Mwaka 1911 Paul Krefft alionyesha kwamba tornieri naye huzaa, na hapo ikawa vigumu kuendelea kuwatenganisha.

Aliyewaunganisha alikuwa Mmarekani. Gladwyn Kingsley Noble alisimamia mikusanyo ya reptilia na amfibia katika makumbusho ya historia ya viumbe ya New York. Wakati huo wataalamu wengi walieleza kufanana kwa vyura wa mabara mbalimbali kwa kuchora madaraja ya nchi kavu yaliyozama baharini. Noble aliona njia rahisi zaidi: huenda vyura hao si ndugu, na kilichokosewa ni majina. Mwaka 1926 alichapisha makala kuhusu visa vya ajabu vya mtawanyiko wa amfibia, akipima mifupa na misuli badala ya kutegemea sura ya nje. Humo ndimo alimoanzisha jenasi mpya, Nectophrynoides, akaiweka juu ya chura wa Roux wa Ukami na kumhamishia humo yule wa Tornier. Chura wa Rungwe akaachana na Australia.

Mwaka 1926 ulikuwa wa misukosuko kwa Noble. Mwezi Agosti alitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kumchunguza chura maarufu wa Paul Kammerer wa Vienna, aliyetumiwa kama ushahidi kwamba sifa anazozipata mnyama maishani hurithiwa na watoto wake. Noble aligundua kwamba doa jeusi mkononi mwa chura huyo, ambalo ndilo lililokuwa ushahidi wenyewe, lilikuwa wino. Wiki chache baadaye Kammerer alijiua. Kisa hicho kilitikisa magazeti ya Ulaya na Marekani; jenasi mpya ya vyura wa Tanganyika ilijadiliwa na wataalamu wachache tu.

Jina lenyewe limejengwa kwa Kigiriki. Nectophryne ni chura muogeleaji, na kiambishi cha mwisho, oides, maana yake ni "mfano wa". Noble hakukusudia kueleza tabia za mnyama. Alitaka kusema kwamba huyu anafanana na Nectophryne ila si yeye. Matokeo yake ni kichekesho kidogo: kundi la vyura ambao sifa yao kuu ni kutohitaji maji ya kuzalia limepewa jina la mfano wa muogeleaji. Kanuni za kutaja wanyama haziruhusu kulibadili kwa sababu hiyo. Jina likishachapishwa kihalali hubaki, liwe linamfaa mwenyewe au halimfai.

Anayesoma orodha za kitaalamu ataona alama nyingine ndogo za historia hii. Chura wa Ukami huandikwa Nectophrynoides tornieri (Roux, 1906), na mabano hayo yana kazi yake. Yanamwambia msomaji kwamba Roux ndiye aliyeita jina, lakini alimweka chura huyo katika jenasi nyingine kabla hajahamishwa. Spishi iliyozaliwa moja kwa moja ndani ya Nectophrynoides huandikwa bila mabano. Chura wa Rungwe naye alibadilishwa hata herufi za mwisho. Kwa Tornier alikuwa vivipara. Leo ni viviparus. Kilatini hutaka kivumishi kikubaliane na jinsia ya nomino, kama Kiswahili kinavyotaka upatanisho wa ngeli, na jina linaloishia kwa oides huhesabiwa kuwa la kiume.

Baada ya Noble, milima ilianza kuchunguzwa kwa karibu. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi na kisha idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alihamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Alirudi kukusanya wanyama Uluguru na Usambara, na mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour wakachapisha kitabu kinacholinganisha reptilia na amfibia wa milima hiyo miwili. Wazo kwamba kila mlima una viumbe wake, tofauti na wa mlima unaouona ng'ambo ya tambarare, lilipata ushahidi wa kushikika.

Wakati huo huo jina la Noble lilikuwa likinenepa. Kila chura mdogo wa Afrika mwenye uzazi wa ajabu alitupwa humo. Mwaka 1943 Fernand Angel wa Paris aliongeza Nectophrynoides occidentalis kutoka mlima Nimba, mahali Guinea, Liberia na Kodivaa zinapokutana. Mwaka 1978 Alice Grandison wa makumbusho ya London akaongeza Nectophrynoides malcolmi wa milima ya Bale, Ethiopia. Kufikia hapo jenasi ilienea kutoka Afrika Magharibi hadi Pembe ya Afrika.

Chura wa Nimba anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa anakwenda mbali kuliko wote. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi tisa. Msimu wa kiangazi hujificha ardhini, mimba ikisimama karibu kabisa, kisha hutoka mvua zinapoanza. Mayai yake ni madogo mno, hayana kiini cha kutosha, kwa hiyo watoto hulishwa na majimaji yanayotolewa na tumbo la mama. Watafiti wa Kifaransa, hasa Maxime Lamotte na Françoise Xavier, walimchunguza kwa miaka mingi. Makao yake ni nyasi za kileleni, juu ya mwamba wenye chuma ambacho makampuni ya madini yamekitamani muda mrefu. Yule wa Bale ni kinyume: hazai, hutaga mayai kwenye ardhi yenye unyevu, na majike kadhaa huweza kuyarundika mahali pamoja.

Kuwaweka hawa wote chini ya jina moja kulikuwa kurudia kosa lile lile la Australia, safari hii ndani ya bara moja. Mfaransa Alain Dubois alilivunja kundi hilo mwaka 1987. Wa Nimba akapewa Nimbaphrynoides, wa Bale akapewa Altiphrynoides. Waliobaki na jina la Noble walikuwa vyura wa Tanzania peke yao.

Ndani ya Tanzania, jina lililopunguzwa likaanza kujaa upya. Jean-Luc Perret wa Geneva alikuwa amekwisha ongeza spishi mbili za Uluguru mwaka 1971 na 1972, cryptus na minutus. Barry Clarke aliongeza wendyae wa Udzungwa mwaka 1988. Mwaka 2004 Michele Menegon, Sebastiano Salvidio na Simon Loader walieleza spishi tano kwa mkupuo mmoja, na Ukaguru ikatoa nyingine mbili miaka mitatu iliyofuata. Jumla ikafika 13.

Sababu ya wingi huo iko kwenye ramani ya mvua. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, hupokea unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka huku tambarare zilizo kati zikikauka. Chura wa sentimita tatu, ambaye mchana hujibanza chini ya majani makavu na usiku hupanda jani la kichaka, hawezi kuvuka kilometa hamsini za nyika yenye jua. Kila kundi lilibaki mlimani kwake, likazaana lenyewe kwa lenyewe, na kadiri zama zilivyopita likawa spishi nyingine.

Mmoja kati ya hao 13 aliligeuza jina la Noble kuwa habari ya bungeni. Mwaka 1996, kazi ya kujenga mradi wa umeme wa Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, ikiwa imekwisha anza, wataalamu waliokuwa wakifuatilia athari za mazingira walishuka kwenye korongo la mto. Chini ya maporomoko, mahali manyunyu ya maji yalilowesha nyasi na kuvumwani mchana na usiku, walikuta vyura wa rangi ya dhahabu wasiozidi sentimita tatu. Eneo lote lenye manyunyu hayo lilikuwa takriban hekta mbili tu. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba watoto wanaosubiri kuzaliwa huonekana kwa nje kama vidoa vyeusi. Wakizaliwa, kila mmoja ana urefu wa milimita tano hivi. John Poynton, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Barry Clarke na Jon Lovett walimwita Nectophrynoides asperginis, kutokana na neno la Kilatini la manyunyu. Watanzania wakamwita chura wa Kihansi.

Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ya mto ilipelekwa kwenye mtaro wa mashine na manyunyu yakakauka. Serikali ilifunga mfumo wa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni. Novemba mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kwa hifadhi. Kwa muda mabomba yalionekana kusaidia, na hadi katikati ya mwaka 2003 idadi ya vyura korongoni ilikuwa imepanda hadi maelfu mengi. Kisha wakaanguka ghafla. Januari 2004 walionekana wachache wa mwisho. Vipimo vilionyesha fangasi wa Batrachochytrium dendrobatidis, muuaji wa vyura duniani kote, ambaye naye alikuwa amepewa jina mwaka 1999 tu. Wengine walielekeza kidole kwenye dawa za mashambani zilizoshuka na tope la bwawa. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi la IUCN lilimtangaza kuwa ametoweka porini.

Huko Marekani hali haikuwa rahisi. Vyura waliopelekwa walipungua hadi kubaki takriban 70 kabla watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo hawajajua namna ya kuwalisha na kuwapa mwanga unaowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege na kuwekwa kwenye maabara maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kundi la kwanza likaachiwa tena korongoni. Watu wengi, wabunge wakiwamo, waliuliza kwa nini fedha nyingi ziende kwa vyura wakati vijiji havina umeme. Swali hilo lilikuwa la haki, lakini lilielekezwa kwa mnyama asiyehusika. Gharama ilitokana na kumjua chura baada ya zege kuanza kumwagwa.

Wakati sakata la Kihansi likiendelea, milima ya Ukaguru ilitoa zawadi kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 2002 Alan Channing wa Afrika Kusini na William Stanley wa Chicago walieleza chura anayeishi mitini, ndugu wa karibu wa hawa tunaowazungumzia, lakini tofauti kiasi cha kustahili jenasi yake. Badala ya Kigiriki walichagua Kiswahili: Churamiti maridadi. Jina hilo lilitolewa kwa kutumia vielelezo viwili tu.

Desturi ya kutoa majina kwa heshima ya watu, kama tornieri, poyntoni na vestergaardi, nayo imeanza kupata mshindani. Mwishoni mwa mwaka 2025 kundi la watafiti kutoka nchi kadhaa, akiwamo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilirudi kwenye chupa za makumbusho. Walitoa vinasaba kutoka vielelezo vyenye umri wa zaidi ya miaka 120, wakavilinganisha na vya vyura waliokamatwa misituni karne hii. Ilibainika kwamba jina viviparus, lililokuwa likitumika kwa vyura wa milima mingi, kwa haki ni la wale wa nyanda za juu za kusini. Waliobaki walikuwa wageni waliokuwa wakitumia jina lisilo lao. Wakapewa majina matatu ya mahali: luhomeroensis kutoka mlima Luhomero, uhehe kutoka nchi ya Wahehe, na saliensis kutoka msitu wa Sali, Mahenge. Jenasi ya Noble sasa ina spishi 16.

Mgawanyo huo unabadilisha hesabu za hifadhi. Chura aliyedhaniwa kuenea milima mingi hakumtia mtu wasiwasi. Sasa kila mmoja wa hao watatu anajulikana katika eneo dogo, na msitu wake ukikatwa hana pengine. Kuna mfano wa onyo tayari. Nectophrynoides poyntoni, aliyepewa jina mwaka 2004 kutoka mteremko wa Udzungwa, ametafutwa tena bila kupatikana, na wataalamu wanahofia kwamba hayupo tena.

Kwa hiyo wanaopanga mabwawa, barabara na mashamba kwenye milima hii wanapaswa kulipia uchunguzi wa viumbe kabla ya kutia saini mkataba, na vyuo vya Dar es Salaam na Morogoro vipewe fedha za kuufanya. Kihansi ilifanya mambo kwa mpangilio wa kinyume, na hadi leo mabomba yanahitajika kuwanyunyizia vyura maji ambayo zamani mto uliyatoa bure.